Nyumba Haikaribishwi kwa Maji Matupu

Pampu ilikuwa inanguruma lakini maji hayatoki. Nilifungua bomba, nikafunga, nikafungua tena. Kila mara ilikohoa, ikatema povu kidogo ndani ya beseni, kisha ikaendelea kunguruma kama mtu anayelalamika usingizini. Nilikuwa nimesimama ndani ya gari linalokwenda, sehemu ya nyuma, mkono mmoja umeshika kabati, na uchovu ulikuwa unanipanda kutoka miguuni mpaka kwenye meno.

"Baba Renatus, simama! Maji hayaji."

"Yatakuja," mume wangu akajibu kutoka kwenye usukani, bila kugeuka.

"Yatakuja na nani? Simama, nimesema."

Pancras akasimamisha gari kando ya daraja la kijito, katikati ya pori la Biharamulo, na mbung'o wakaingia kutusalimia kabla hajazima injini. Tulikuwa tumetoka Nyakisasa alfajiri. Alasiri ya siku hiyo tulitakiwa tuwe bomani Biharamulo, na maji yawe yanatoka bombani. Yasipotoka, gari linachukuliwa na mume wangu anakwenda nalo vitani. Nalisema hilo mapema ili mtu asidhani tuligombana siku nzima kwa ajili ya beseni la kunawia.

Gari lenyewe lilikuwa nyumba. Mzungu mmoja aliyekuja kuchunguza mbung'o ndiye aliyelileta, akaishi humo porini, na alipoondoka akaliacha wilayani. Lilikuwa na vitanda viwili, jiko la gesi ambalo gesi yake iliisha zamani, kabati, beseni lenye bomba, tangi la maji chini ya sakafu, na pampu ndogo ya kutumia betri iliyovuta maji kutoka tangini mpaka bombani. Wilaya ikaliita zahanati inayotembea. Pancras akapewa funguo, na mimi Marsiana, muuguzi mkunga, nikapewa sanduku la dawa. Tangu hapo tukawa watu wa kuzunguka vijiji vya ujamaa, Bukiriro leo, Kabanga kesho, tunapima wajawazito, tunafunga vidonda, tunapika nje na kulala humo humo. Wenzetu wenye nyumba za bati walitutania kwamba tumekuwa konokono. Sikuchukia. Konokono hutembea pole pole na hakuna anayemgongea mlango usiku.

Vita vya Uganda vilipoanza, magari yakawa adimu kuliko sukari. Malori ya kahawa, malori ya pamba, magari ya mashirika, yote yakaelekea kaskazini pamoja na madereva wao. Mwanetu Renatus, mtoto wetu wa pekee, alikuwa jeshini tayari. Alipita Kyaka na wenzake, na tangu hapo hatukupata neno lake lolote. Nilikuwa nimeshatoa mmoja. Sikuwa tayari kutoa wa pili, na sioni aibu kulisema.

Ndipo likaja agizo kwamba magari yote yaliyobaki yapelekwe bomani yakaguliwe. Magari ya tiba yangebaki, ila ithibitike kuwa ni ya tiba kweli: kitanda, dawa, na maji ya bomba. Walioweka sharti hilo hawakuwa wajinga. Kulikuwa na watu waliochora msalaba mwekundu ubavuni mwa gari la mkaa, wakaliita ambulensi. Sisi tulikuwa na vyote vitatu, na moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa mpaka asubuhi hiyo.

"Tuchote maji kwa ndoo tuyamwage kwenye beseni," Pancras alisema. Alikuwa ameegemea mlango, macho mekundu. Mgongo wake ulikuwa unamsumbua tangu masika yaliyopita. "Watayaona maji. Wanataka nini zaidi?"

"Wanataka yatoke bombani. Umesikia mwenyewe."

"Bomba, bomba. Watu wamenawa mikono kwa kata tangu enzi za mababu."

"Basi wapelekee hiyo hoja bomani, ukitoka hapo uniandikie barua ukiwa huko vitani."

Akachukua spana, akalala chali chini ya gari, akagonga tangi kwa mpini. Tangi likaitika kwa sauti nzito. Maji yalikuwepo tele. Wanawake wa Nyakisasa walilijaza wenyewe siku tuliyofika, kwa amri ya mwenyekiti wa kijiji, kila mmoja na debe lake kichwani.

Akatoka, akawasha taa za mbele. Zikawaka kwa nguvu. Betri ilikuwa nzima.

"Na fyuzi?" nikauliza.

"Pampu inanguruma, maana yake umeme inapata. Fyuzi ikifa inanyamaza kimya. Laiti wewe ungekuwa na fyuzi."

Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo nilimtazama tu.

Tukahamia kwenye mipira inayopitisha maji. Pancras alisema pengine mahali fulani inavuta hewa, na pampu ikivuta hewa haivuti maji. Tukaifuata mipira kwa vidole, kutoka chini ya beseni, nyuma ya kabati, mpaka ilipoingia chini ya kitanda cha kushoto. Kibano kimoja kilikuwa kimelegea. Akakikaza. Nikawasha swichi, nikafungua bomba. Ngurumo, kikohozi, povu.

Malori ya jeshi yakapita, moja baada ya jingine, yametoka Mwanza yanakwenda Bukoba. Vumbi likatuingia mpaka kwenye kope. Vijana nyuma ya malori walitupungia, wengine wakaimba. Niliwatazama nyuso zao kwa zamu, kama nilivyokuwa natazama kila lori tangu vita vianze, ingawa nilijua vizuri kwamba Renatus hawezi kuwa anakwenda huko mara ya pili.

"Bado pampu yenyewe," Pancras alisema vumbi lilipotulia.

Pampu ilikuwa chini ya kitanda cha kushoto, na juu ya kitanda hicho alikuwa amelala mgonjwa wetu, Bibi Speciose. Ni mkulima wa Nyakisasa, mtu wa asili ya Burundi aliyevuka mpaka zamani na kulowea. Alikuwa na kidonda mguuni kilichozidi uwezo wa dawa zangu, nikawa nampeleka hospitali Biharamulo. Kila gari liliporuka kwenye shimo alifumba macho bila kulalamika. Sikutaka kumwinua, na ndiyo maana tulikuwa tumezunguka gari zima kabla ya kukifikia kitanda chake.

"Ngoja kwanza nijaribu kuyavuta kwa mdomo," Pancras akasema. "Kama petroli."

Alichomoa mpira kwenye bomba la beseni, akauweka mdomoni, akavuta. Mashavu yakaingia ndani, mishipa ya shingo ikasimama. Akavuta tena. Halafu akaacha ghafla. Akameza.

"Umemeza? Maji hayajachemshwa hayo!"

Alilamba midomo, akatazama dari, akalamba tena. Ninamjua mume wangu. Uso ule huwa nauona akiwa kwenye vilabu vya pombe, si mahali pengine.

"Mama Renatus," akasema taratibu, "haya si maji matupu. Humu mna ndizi."

"Mna nini?"

"Mna mutobe. Na umeshaanza kuchacha."

Nilimnyang'anya mpira, nikanusa. Kweli. Juisi ya ndizi ile inayokamuliwa vijijini kote huko, tamu siku ya kwanza, na ukiiacha siku mbili tatu inaanza kupanda kichwani. Ilikuwa ndani ya tangi la zahanati ya serikali. Ndiyo maana ya povu. Nikageuka kutazama kitandani, kwa sababu nilikuwa nimesikia kicheko kidogo cha kuridhika.

"Ego," Bibi Speciose akaitikia kwa lugha ya kwao. "Ni wangu. Ulikuwa mzuri?"

"Bibi," nikasema, na nilijitahidi sana kushusha sauti, "umetia mutobe kwenye tangi letu?"

"Kibuyu kimoja tu, mwana wanje. Kabla wenzangu hawajatia maji." Alijiinua kwa kiwiko. "Mlikuwa mnafika kwetu mara ya kwanza. Nyumba ikifika mara ya kwanza inatahiwa, inapokelewa kwa heshima. Watu wanakuja na kinywaji, wanaikaribisha. Nikauliza, hii nyumba inanywea wapi? Wakanionyesha ule mdomo wa ubavuni. Harafu nikaona aibu. Kijiji kizima tumeleta maji! Nyumba haikaribishwi kwa maji matupu."

"Ni gari, Bibi."

"Mnalala humo?"

"Tunalala."

"Mnakula humo?"

Nilitazama sahani zetu kabatini.

"Basi ni nyumba," alisema. "Na nyumba iliyokunywa kwenu inaijua njia ya kurudi kwenu. Ndivyo tunavyosema. Nilitaka mrudi."

Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema wahenga. Sisi tulikwenda kuponya wenyeji, wenyeji wakatuponza. Nilimfokea. Nilimwambia kwamba kibuyu chake kinampeleka mume wangu vitani. Nilimwambia mambo ya agizo, ya bomani, ya Renatus, yote kwa pumzi moja, nimesimama juu yake kama askari wa mgambo, na yeye amelala na mguu wake uliofungwa kwa bandeji yangu mwenyewe. Pancras akanishika bega.

"Inatosha, mama. Amesikia."

Bibi Speciose aliutazama mguu wake. Furaha yote ilikuwa imemtoka. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Hiyo pampu ina tundu dogo au kubwa?"

"Dogo," Pancras akajibu.

"Basi ni nyasi. Mutobe tunakamulia nyasi. Hata ukichuja, zinabaki."

Tukamwinua. Nilimshika kwapani, Pancras akamshika mguu, tukamkalisha kwenye ngazi ya mlangoni, nikampa khanga yangu ajipungie mbung'o. Tukaondoa godoro, tukafunua ubao. Pampu ilikuwa pale gizani, ndogo, haizidi mkate, nasi tulikuwa tumeizunguka asubuhi nzima. Mahali maji yanapoingilia palikuwa na kikombe chenye kifuniko, na ndani yake chujio la waya jembamba ambalo hatukuwahi kulijua, kwa kuwa Mzungu hakumwonyesha mtu na halikuwahi kuziba. Pancras alilitoa. Lilikuwa limevaa koti la nyasi laini, zimesokotana na utelezi wa ndizi, hakuna pa kupitisha hata chozi.

Nililisafisha kwa mswaki wangu. Nataka ieleweke kwamba mswaki siku zile ulikuwa haupatikani dukani, na huo ulikuwa wa mwisho. Baadaye tukafungua kizibo cha chini ya tangi, tukayaacha yale maji ya sherehe yamwagike barabarani, na nyuki wakafika kabla hayajaisha. Tangi likabaki tupu. Tukaanza kushuka kijitoni na kupanda na madebe.

Sijui tulipanda mara ngapi. Najua kwamba kila niliposhuka niliona yale majani ya mtoni yanafaa kulaliwa, na kila nilipopanda niliona mlima umeongezwa. Maji ya kwanza tuliyasukasuka tangini tukayamwaga, kwa sababu bado yalinuka kilabu. Pancras alikuwa anatembea ameinama upande mmoja. Wanandoa wakichoka sana huwa hawagombani tena, hupokezana tu ndoo. Bibi Speciose alikuwa anatutazama kutoka ngazini, na kila tulipompita alisema, "Mnisamehe," mpaka nikamwambia aache, kwa sababu kumjibu nako kulikuwa kazi.

Nikawasha swichi. Pampu ikanguruma, ikakohoa hewa, ikakohoa tena. Mara sauti yake ikabadilika, ikawa nzito na ya kushiba, na maji yakatoka bombani, meupe, yameshikamana, bila povu. Nikayakinga kwa viganja viwili. Nilikaa sakafuni nikalia. Haikuwa furaha, ni uchovu tu uliopata mlango.

"Yametoka?" Bibi akauliza kutoka nje.

"Yametoka, Bibi."

"Mungu asifiwe. Kosa langu limetoka."

Nilimnawisha uso na mikono kwa maji ya bomba lile, kama njia ya kumwomba radhi, kwa maana maneno yalikuwa yamekwisha. Tukamrudisha kitandani, tukaendelea na safari.

Bomani Biharamulo magari yalikuwa yamepangwa foleni kwenye mteremko. Hayakuwa mengi. Mbele yetu alikuwepo Idefonsi, dereva wa lori la kahawa, mtu tunayefahamiana naye tangu ujana. Alikuja kutusalimia dirishani, akainama kama anayetazama tairi.

"Linatembea hili?" akanong'ona.

"Linatembea, na maji yanatoka," Pancras akasema kwa fahari. "Tutabaki."

Idefonsi akamtazama kwa huruma. "Nani kakudanganya? Kapteni anayekagua anachukua kila kizima. La tiba, la mkaa, kwake yote sawa. Yanayobaki ni mabovu tu. Mimi rota yangu nimeiacha nyumbani, bila hiyo injini haiwaki, tumelisukuma lori kutoka kule chini. Na msiweke kitu mfukoni, wanapekua. Yule wa jana aliyekutwa na rota mfukoni amelala ndani."

Akaondoka. Lisemwalo lipo, nikajiambia, na kama halipo laja. Nilimtazama Pancras. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anatazama mbele. Siku nzima tulikuwa tumejitahidi kulitengeneza gari ili asichukuliwe, na kumbe tulikuwa tunamwandaa.

"Tuseme ukweli tu," alisema. "Nimechoka, Mama Renatus. Sina nguvu ya kudanganya."

"Mimi ninayo," nikajibu.

Nilikwenda nyuma. Muda wa kuharibu gari zima haukuwepo, tena injini ilikuwa inasikika. Lakini zahanati bila maji si zahanati, na nyumba ya kizungu yenye pampu iliyokufa ni sanduku la bati linalokula petroli. Nilifungua kisanduku cha fyuzi karibu na swichi, nikachomoa fyuzi ya pampu, kipande kidogo kama ncha ya penseli. Mfukoni hapana. Ndani ya kiatu wangeniona nikiinama, kwani askari walishafika kwenye ngazi. Nikaitia mdomoni, chini ya ulimi. Ilikuwa chungu.

Kapteni aliingia akiwa ameinamisha kichwa. Nilitarajia mtu wa kufoka. Alikuwa mtu mwembamba, vumbi limemjaa nyusi, macho yake yamechoka kuliko yetu. Akamwona Bibi kitandani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Akanisalimia nami, nikaitikia kwa kichwa. Akatazama vitanda, akafungua sanduku la dawa, akalifunga. Akafungua bomba. Kimya. Akabonyeza swichi mara mbili. Kimya.

"Pampu imekufa?" akamuuliza Pancras aliyekuwa mlangoni.

Pancras alinitazama. Aliona nilivyofumba mdomo. Tumeoana miaka mingi. "Inasumbua tangu asubuhi, afande," akasema, na hilo halikuwa uongo.

Kapteni akashusha pumzi. Nje askari mmoja alikuwa na chaki, tayari kuandika ubavuni kwamba gari ni bovu. Ilikuwa bado neno moja tu.

"Hapana, afande!" Bibi Speciose akasema.

Alikuwa amejiinua kwa viwiko vyote viwili, uso wake umewaka kwa hamu ya kututetea. "Usiwaandikie ubaya hawa. Maji yapo. Kosa lilikuwa langu mimi, nilitia mutobe, nyasi zikaziba. Lakini wametengeneza, wamebeba maji mpaka wamekonda. Nimenawa kwa bomba hilo hilo leo. Mwana wanje, mwambie! Mbona husemi?"

Nisingeweza kusema. Nilikuwa na fyuzi mdomoni, na machozi yalikuwa yananijia. Nilimtolea macho Bibi, nikatikisa kichwa, naye akadhani namshukuru, akaendelea. "Walisema maji yasipoonekana, mumewe anapelekwa vitani. Yatazame maji, afande, uwaachie waende."

Kapteni alinitazama kwa muda mrefu. Hakukasirika. Alinyoosha mkono, kiganja juu, kama mimi ninavyowafanyia watoto waliomeza kifungo.

"Nipe, mama," akasema.

Nikaitema kiganjani mwake. Akaifuta kwenye shati lake, akampa Pancras, na Pancras akairudisha mahali pake bila kunitazama. Swichi ikabonyezwa. Pampu ikanguruma kwa ile sauti yake ya kushiba, maji yakatoka. Kapteni akanawa mikono. Halafu akanawa uso. Halafu akaweka kichwa chote chini ya bomba, akakaa hivyo, na maji yaliyoingia beseni yalikuwa mekundu kwa vumbi.

"Agizo linasema magari ya tiba yanabaki," nikamwambia, kwa kuwa sasa mdomo nilikuwa nao.

"Yanabaki kwenye tiba," alijibu, anajifuta kwa kofia. "Tiba iko huko mbele. Vijana wanashonwa juu ya turubai, mama, na daktari ananawa kwenye kopo la mafuta. Gari kama hili nimelitafuta wilaya mbili."

"Mwanangu yuko huko huko."

Aliivaa kofia yake ikiwa bado mbichi. Alisema waondoke kabla jua halijazama, dereva na gari, na kwamba bibi apelekwe hospitali kwanza. Juu ya fyuzi hakusema kitu.

Askari wawili walimshusha Bibi Speciose kwa machela pale hospitali. Alinishika mkono. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyelipa deni.

"Wameyaona maji," akasema. "Sasa mtabaki, siyo?"

Ulimi ulikuwa bado na ule uchungu wa fyuzi. Maneno yote niliyostahili kumwambia nilikuwa nayo, tena makali kuliko ya asubuhi. Nilimtazama mguu wake, nikamtazama uso.

"Ndiyo, Bibi. Wameyaona."

Pancras alikuwa anakaza kamba za mzigo nilipotoka. Sanduku la dawa lilikuwa linakwenda na gari. Mimi nilibakiwa na begi langu la nguo na sufuria moja. Tulisimama kivulini mwa gari.

"Huenda nikamwona Renatus," akasema mwishowe.

"Huenda."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie anakula nini. Hapana. Muulize anakula nini."

Akacheka kidogo, akajishika mgongo. Askari aliyekaa naye mbele akapiga honi. Nikamwambia Pancras anisubiri, asiwashe gari, nikaenda sokoni kwa hatua za mbio, mimi ambaye asubuhi nilikuwa siwezi kupanda kimlima. Mama mmoja alikuwa anafunga biashara yake. Nikanunua kibuyu chake cha mwisho cha mutobe bila kubishana bei.

Nilirudi, nikatoa shashi ya vidonda kwenye sanduku la dawa, nikaikunja mara nne juu ya mdomo wa tangi. Pancras alikuwa ananitazama kwenye kioo cha pembeni. Alishuka.

"Itaziba tena, Mama Renatus."

"Nachuja."

"Wewe ni muuguzi."

"Ninajua mimi ni nani. Nataka urudi. Nyamaza."

Nilimimina kidogo kidogo, na nyasi zikabaki juu ya shashi, nikazikung'uta, nikamimina tena mpaka kibuyu kikaisha. Mutobe mwingine ukatiririka ubavuni, juu ya ile rangi nyeupe. Kisha nikafunga kifuniko, nikakikaza kwa nguvu zangu zote, nikamwambia mume wangu asafishe chujio kila atakaposimama.